Inari asubuhi, Nara mchana, Osaka usiku: mwongozo wa siku moja ya treni kwa watu wawili

Siku yetu ya kwanza mjini Kyoto, Japani, iliharibiwa na tamaa. Mume wangu alikuwa na orodha ya sehemu saba, mimi nilikuwa na tano, tukaziunganisha bila kupunguza hata moja. Ilipofika saa tisa alasiri tulikuwa tumeona mbili tu, tumerudi Stesheni ya Kyoto mara tatu, na hatusemeshani. Treni hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mpango wetu: kila mzunguko ulianzia stesheni ileile na kuishia hapohapo, na kila kurudi kulikula muda na nguvu za miguu.

Usiku ule tulikaa kitandani na ramani, tukachora pembetatu. Ncha ya kwanza ni Osaka, tulikofikia. Ya pili ni hekalu la Fushimi Inari, kusini mwa Kyoto. Ya tatu ni mji wa Nara. Kisha unarudi Osaka kwa reli nyingine kabisa. Hakuna njia unayoipita mara mbili, na sehemu za kuona ni tatu, si kumi na mbili. Mwongozo huu ni wa pembetatu hiyo, jinsi tulivyoizunguka sisi na jinsi tulivyowaelekeza rafiki zetu waliofuata.

Neno moja kuhusu saa: nitazitaja kwa Kiswahili. Nikisema saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ubao wa stesheni utaonyesha 06:30. Msibishane mbele ya ubao, kama tulivyobishana sisi.

Mambo ya kumaliza siku moja kabla

Viza mtakuwa mmeshaipata, maana wenye pasi za kawaida za Tanzania na Kenya hatuingii Japani bila hiyo. Pasi yenyewe tembeeni nayo. Sheria ya huko inamtaka mgeni awe nayo mwilini, si kwenye sanduku hotelini.

Jambo kubwa ni kadi ya nauli. Upande wa Osaka na Kyoto inaitwa ICOCA. Inauzwa kwenye mashine za stesheni za JR, kampuni kuu ya reli, kwa yen 2,000. Ndani yake 500 ni amana na 1,500 ni salio la kutumia. Mashine ina kitufe cha kubadili lugha kuwa Kiingereza. Kama mlipitia Tokyo na mnayo Suica au Pasmo, haina haja ya kununua nyingine, zinakubalika huku pia. Wenye simu za iPhone wanaweza kuiweka kadi ndani ya simu na kuijaza kwa kadi ya benki.

Kila mtu awe na kadi yake. Nalisema hili kwa sababu wengi hudhani mume atagusisha mara mbili, ya kwake na ya mkewe, kama tunavyolipiana kwenye daladala. Haiwezekani. Kadi ikishaingia langoni, mfumo unajua kwamba mwenye kadi yuko ndani na unasubiri atoke. Ukiigusisha tena kwa ajili ya mwenzako, lango linafunga vibao vyake na kupiga kengele, na foleni nzima nyuma yenu inasimama.

Siku hii itawagharimu kama yen 2,500 za nauli kwa kila mmoja. Wekeni 3,000 kwenye kila kadi mulale kwa amani. Siku hizi yen 1 haifiki shilingi 1 ya Kenya, kwa hiyo hesabu ni rahisi kwa Wakenya. Sisi wa Tanzania tunazidisha kimoyomoyo na kunyamaza. Kuna pasi ya taifa ya treni, Japan Rail Pass, ambayo watu bado wanaisifu kwa mazoea. Oktoba 2023 ile ya siku saba ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Kwa mizunguko mifupi kama hii haiwafai hata kidogo.

Bebeni sarafu na noti za 1,000 pia. Vibanda vya hekaluni na mashine za kujaza salio vinapenda taslimu. Viatu viwe vile vilivyokwisha kuzoea mguu. Na mfuko wa plastiki kwa ajili ya taka, kwa kuwa mapipa ya taka mitaani ni adimu na taka yako utatembea nayo mpaka jioni.

Halafu gawaneni kazi. Mmoja ashike ramani, mwingine ashike saa na tumbo, yaani aamue wakati wa kula na wakati wa kuondoka. Mchana badilishaneni. Sisi tulipofanya hivyo ugomvi ulipungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu kila mtu alijua ni zamu ya nani kukosea.

Saa kumi na mbili na nusu: kutoka Osaka

Kwanza jina. Stesheni ya JR inaitwa Osaka, lakini stesheni za kampuni nyingine zilizoizunguka zinaitwa Umeda au Osaka-Umeda. Zote ziko eneo moja na unatembea kwa miguu kati yake. Shin-Osaka ni kwingine, ng'ambo ya mto, ndiko inakosimama Shinkansen, treni ya mwendo kasi. Msichanganye.

Pili, aina za treni. Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea, kwa sababu reli ni ileile, jukwaa ni lilelile, ila treni hazisimami mahali pamoja. Iliyoandikwa 普通 husimama kila stesheni. 快速, kaisoku, huruka baadhi. 新快速, shinkaisoku, huruka nyingi zaidi, lakini nauli haiongezeki. 特急, tokkyu, ndiyo inayodai malipo ya ziada juu ya nauli. Mkiweza kutambua alama hizo nne, mmemaliza nusu ya elimu ya treni za Japani.

Hapa panda shinkaisoku. Angalieni ubao unaosema Kyoto, Maibara, Nagahama au Tsuruga. Ukiona Sannomiya au Himeji, hiyo inakwenda Kobe, upande wa pili kabisa. Osaka hadi Kyoto ni takriban nusu saa. Baadhi ya treni hizi zina behewa la viti vya kulipia liitwalo A-Seat. Msiingie humo kwa kuona tu viti vizuri.

Kwenye sakafu ya jukwaa mtaona alama zinazoonyesha mlango utasimama wapi. Panga foleni hapo, subiri wanaoshuka wamalize, ndipo uingie. Ndani watu hawaongei na simu. Mnaweza kuzungumza, ila kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya Tanga bado ni kubwa kwa Kyoto. Nilijifunza hilo kwa jinsi kichwa cha mzee mmoja kilivyogeuka taratibu.

Ukitoka kwenye utaratibu wa SGR, wa kufika mapema na mizigo kukaguliwa kabla ya kupanda, utashangaa. Hapa unagusisha kadi, unashuka ngazi, treni inafika, unaondoka. Ukiikosa, mchana nyingine inakuja baada ya robo saa.

Na wekeni sharti hili kabla ya kupanda treni ya kwanza. Mlango ukijifunga mmoja akabaki jukwaani, aliyemo ndani ashuke kituo kinachofuata na asiondoke hapo. Aliyebaki nyuma apande treni ya aina ileile, si yoyote itakayotangulia. Akipanda shinkaisoku wakati mwenzake alikuwa kwenye 普通, atampita dirishani akimpungia mkono.

Kyoto hadi Inari: dakika tano zilizotushinda

Mkifika Kyoto msitoke langoni. Fuateni vibao vya Nara Line, majukwaa 8 hadi 10. Inari ni kituo cha pili, baada ya Tofukuji, mwendo wa dakika tano.

Siku ile ya kwanza tuliingia treni iliyokuwa tayari imesimama, nzuri, ina nafasi. Ilikuwa ya haraka. Ikasimama Tofukuji, ikaondoka, kisha nikaona lango kubwa jekundu likipita dirishani. "Baba Salma, si ndiyo pale?" Ndiyo ilikuwa pale. Treni ilisimama Rokujizo, tukashuka, tukavuka jukwaa na kurudi. Kwa hiyo: kwenda Inari ni 普通 tu. Treni za haraka za reli hii, ikiwemo ile inayoitwa Miyakoji, haziisimamii.

Lango la hekalu liko mbele ya stesheni, hakuna kutafuta. Hekalu hili la Kishinto lilianzishwa mwaka 711, halina kiingilio, na halifungwi usiku wala mchana. Ndiyo sababu ya kuja mapema. Saa moja na robo asubuhi utawakuta wazee wa mtaa wanaofanya mazoezi na paka wachache. Saa nne utakuta umati unaosogea kama foleni ya pantoni la Kigamboni.

Inari ni mungu wa mpunga na biashara katika imani yao, na mbweha ni wajumbe wake. Mtaona sanamu zao kila kona, wengine wana ufunguo wa ghala la mpunga mdomoni. Malango yale mekundu, torii, yametolewa na watu na makampuni yanayoshukuru au kuomba biashara iende. Ukipanda unaona mbao nyekundu tupu. Geuka nyuma: upande wa pili wa kila nguzo kumeandikwa jina la aliyetoa na tarehe. Kutoa lango moja kunagharimu kuanzia laki kadhaa za yen hadi zaidi ya milioni, kutegemea ukubwa. Mbao huoza, malango hubadilishwa, na jina jipya linachukua nafasi.

Watu wengi hupiga picha kwenye sehemu ya mwanzo, pale njia inapogawanyika kuwa vichochoro viwili vya malango yaliyobanana, kisha hurudi. Nyinyi endeleeni kupanda. Mlima una mita 233 tu, na kuzunguka wote ni saa mbili hadi tatu, lakini leo hamfiki kileleni. Lengo lenu ni Yotsutsuji, njia panda iliyoko kama nusu ya mlima, mwendo wa dakika arobaini kwa wasio na haraka. Hapo Kyoto inafunguka chini yenu na kuna mahali pa kukaa. Kileleni hakuna mandhari ya maana, miti imeziba. Kunyweni maji, teremkeni.

Kwa Waislamu wenzangu, na kwa Wakristo wanaojiuliza: hakuna anayekulazimisha kuinama wala kupiga makofi mbele ya madhabahu. Wenyeji huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, huinama tena. Sisi tulisimama pembeni kwa adabu, tukatazama, tukaendelea. Ila ukiona mtu anasali, usipite mbele yake na usimpige picha. Hiyo ni adabu hata kwetu.

Kutoka Inari kwenda Nara

Rudini stesheni ileile ya JR kabla ya saa tatu na nusu, na mpande treni ya upande wa Nara, si ya kurudi Kyoto. Itakuwa 普通, kwa kuwa nyingine hazisimami. Mkifika Uji angalieni ubao. Mara nyingi ile ya haraka ya Miyakoji inawapita hapo, na mkihamia mnafika mapema zaidi. Mkiona kuhama ni usumbufu, kaeni mlipo, mtafika tu. Safari yote kwa ujumla ni kama saa moja, na nauli ni kama yen 700.

Hapa ndipo pa kupumzika. Njiani kuna mashamba ya mpunga katikati ya nyumba, vipande vidogo kama vitambaa vya kufuta meza. Mume wangu alilala. Mimi nilikula onigiri.

Kuhusu chakula nifafanue, maana kwetu lilikuwa jambo la kila siku. Maduka madogo ya 7-Eleven, Lawson na FamilyMart yako kila mtaa na yanauza hiyo onigiri, yaani wali uliokandwa pembetatu na kufungwa kwa mwani mkavu. Umejazwa samaki, au plamu chachu, au wengine nyama. Herufi 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Zipigeni picha mziweke mbele ya simu. Programu ya kutafsiri kwa kamera inasaidia sana, lakini kumbukeni kwamba hata sosi ya soya huwa mara nyingi imeongezewa pombe kidogo kwa ajili ya kuihifadhi. Kila mtu aamue mpaka wake. Sisi siku hiyo tulibeba tende na mayai ya kuchemsha tuliyonunua dukani, na wali wa plamu.

Nara: msikimbie hapa

Kama kuna sehemu moja ya siku hii ya kutumia saa nyingi, ni hapa. Nara ilikuwa mji mkuu wa Japani kuanzia mwaka 710 hadi 784, kabla Kyoto haijajengwa, na sehemu zake za kale zimekusanyika ndani ya bustani moja ambayo unaitembea kwa miguu tangu mwanzo hadi mwisho.

Stesheni ya JR iko mbali kidogo na bustani, kama dakika ishirini. Kuna basi, lakini tembeeni Mtaa wa Sanjo unaopanda moja kwa moja. Karibu na mwisho wake kuna duka la Nakatanidou ambako vijana wawili wanatwanga mochi, donge la mchele wa kunata, kwenye kinu. Ndiyo, kinu. Mmoja anapiga kwa nyundo ya mbao, mwingine anageuza donge kwa mkono kati ya pigo na pigo, kwa kasi ya kutisha, huku wakipiga kelele za kupeana mdundo. Aliyekulia kwenye nyumba ya kutwanga mpunga kwa zamu, mchi huu na ule, ataelewa mara moja wanachokifanya, na atajua pia kwamba akikosea hesabu vidole vimekwenda. Mochi yenyewe ni ya kijani kwa sababu ya majani ya yomogi, ndani ina maharage mekundu yaliyosagwa na sukari, juu imenyunyiziwa unga wa soya. Ni ya moto na inanata. Tafuneni vizuri.

Mkivuka hapo mnafika bwawa la Sarusawa na hekalu la Kofukuji. Mnara wake wa ghorofa tano, wenye urefu wa mita 50 hivi, umefunikwa kwa matengenezo ya miaka mingi, kwa hiyo msipange picha nao. Endeleeni mashariki.

Sasa paa. Wako zaidi ya elfu moja, hawafungwi, na wanatembea barabarani kama wenye mtaa. Kwa masimulizi ya hekalu la Kasuga, lililojengwa mwaka 768, mungu wao alifika Nara akiwa amepanda paa mweupe, na tangu hapo wanyama hawa wanaheshimiwa. Mwaka 1957 walitangazwa urithi wa asili wa taifa. Biskuti zao, shika senbei, zinauzwa vibandani kwa yen 200 kwa kifungu. Zimetengenezwa kwa pumba na unga bila sukari, na ndicho kitu pekee mnachoruhusiwa kuwalisha.

Jinsi ya kuwalisha bila kuumwa: nunueni mbali na kundi kubwa, gawaneni kifungu kabla paa hawajawaona, na msiwachezeshe kwa kuonyesha na kuficha. Ukimwinamia, wengi wanakuinamia. Kwao hiyo ni ishara ya kudai, si salamu, na ukichelewa utavutwa nguo. Biskuti zikiisha, fungua viganja vyote viwili uwaonyeshe ni vitupu; wanaelewa na wanaondoka. Karatasi ficheni. Mimi nililiwa nusu ya ramani ya bure niliyopewa stesheni. Majira ya vuli madume huwa wakali, wapisheni.

Kutoka hapo fuateni watu hadi Nandaimon, lango kuu la kusini la hekalu la Kibudha la Todaiji. Wengi hupita wakitazama wale paa. Nyinyi simameni katikati, mtazame kulia na kushoto gizani. Kuna walinzi wawili wa mbao, kila mmoja zaidi ya mita 8, waliochongwa mwaka 1203 na mafundi wakiongozwa na Unkei na Kaikei. Walimaliza kazi kwa siku 69. Mimi nimetoka kwenye nyumba ya seremala, na nilisimama pale mpaka mume wangu akaenda na kurudi kunitafuta. Mishipa ya shingo imechongwa. Ya mbao!

Jengo la Buddha mkubwa lina kiingilio cha yen 800. Sanamu ya shaba ina mita 15 hivi, iliagizwa na Mfalme Shomu na kuzinduliwa mwaka 752. Jengo liliungua vitani mara mbili, mwaka 1180 na 1567, na hili la sasa lilikamilika mwaka 1709. Lina upana wa mita 57, na lile la mwanzo lilikuwa pana zaidi. Nyuma ya sanamu kuna nguzo yenye tundu chini yake, linalosemwa kuwa sawa na tundu la pua ya Buddha, ambamo watoto hupita wakitambaa. Watu wazima pia hujaribu. Siwashauri baada ya mochi.

Baadaye, wengi hurudi walikotoka. Nyinyi pandeni ngazi za mawe nyuma ya jengo, mkielekea Nigatsudo. Ni hekalu la mbao lililojengwa mlimani likiwa na roshani pana, halina kiingilio, na kutoka pale unaona paa la Todaiji na mji wote. Kila Machi hufanyika hapa ibada ya moto na maji ambayo haijakatizwa tangu mwaka 752. Siku za kawaida ni kimya tu. Kaeni nusu saa. Hapa ndipo tulipozungumza mambo ya nyumbani kwa mara ya kwanza tangu tuwaache watoto kwa bibi yao, na kwangu mimi ndiyo sehemu niliyoikumbuka kuliko Buddha mwenyewe.

Wanaoswali wajipange mapema. Msafiri ana ruhusa ya kujumuisha na kupunguza, kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri tuliziswali pamoja kwenye kona tulivu ya bustani, juu ya mswala wa kukunja, udhu tukiwa tumeuchukua kwenye choo cha umma. Vyoo ni visafi na ni vya bure. Angalieni tu majani, paa hawajui kuna swala.

Kurudi kwa reli nyingine

Saa kumi na nusu jioni anzeni kushuka. Safari hii msirudi stesheni ya JR. Nendeni Kintetsu-Nara, iliyo karibu zaidi na bustani, chini ya ardhi. Kampuni ni nyingine, kadi ni ileile.

Tafuteni 快速急行, kaisoku kyuko, ya kwenda Osaka-Namba au Kobe-Sannomiya; zote mbili zinapita Namba. Ni kama dakika arobaini, nauli yen 680, hakuna nyongeza. Ile ya tokkyu inadai tiketi ya kiti.

Kaeni upande wa kulia. Muda mfupi tu baada ya kutoka ardhini, treni inapita katikati ya uwanja mpana wa nyasi. Ni eneo la kasri la kale la Heijo, mji mkuu ule wa mwaka 710, na reli imelikata. Kulia kuna ukumbi mkuu wa mfalme uliojengwa upya, kushoto lango la Suzaku. Kisha mtaingia handaki refu la mlima Ikoma, na mkitoka upande wa pili, treni inateremka ubavuni mwa mlima huku Osaka nzima ikianza kuwasha taa chini yenu. Nauli ya yen 680 haijawahi kununua kitu kizuri hivyo.

Usiku Namba

Mkitoka Namba mtakuta kelele, mwanga na harufu ya vya kukaangwa. Nendeni Dotonbori, mfereji uliokamilika mwaka 1615, wenye bango la mkimbiaji wa Glico ambalo la kwanza liliwekwa mwaka 1935. Pigeni picha darajani haraka, halafu sogeeni. Umati ni mkubwa.

Watu wa Osaka wana neno, kuidaore, kula mpaka ufilisike. Chakula cha mtaani hapa ni takoyaki: vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, vinavyogeuzwa kwa sindano ndefu kwenye kikaango chenye mashimo. Ukikitazama kikaango hicho utadhani cha vitumbua. Pweza tunamjua, lakini pweza wa Forodhani hajawahi kunichoma ulimi namna hii. Katikati yake ni uji wa moto kabisa. Toboa kwanza, subiri. Wanaochunga halali waulize kuhusu sosi kabla ya kununua, na wakae mbali na okonomiyaki, chapati nene ya unga na kabichi, isiyotajwa ina nini, kwani mara nyingi ina nguruwe. Ombeni "buta nuki", bila nguruwe, lakini kumbukeni kikaango ni kilekile. Njia salama ni migahawa ya halali ya eneo la Namba. Itafuteni kwenye ramani mkiwa bado kwenye treni, siyo mkiwa na njaa katikati ya umati.

Nyuma tu ya kelele hiyo kuna kichochoro cha mawe cha Hozenji, na sanamu iliyofunikwa kuvu za kijani kwa sababu watu huimwagia maji kila siku. Dakika kumi zinatosha.

Kurudi Umeda ni reli ya chini ya Midosuji, rangi nyekundu, chini ya dakika kumi, yen 240. Hapa angalieni jukwaa kabla ya kupanga foleni: siku za kazi kuna behewa la wanawake peke yao lenye alama za waridi sakafuni. Mimi naruhusiwa, yeye haruhusiwi. Wanandoa wengi huligundua hilo mlango ukishafungwa. Kwenye ngazi za umeme za Osaka simameni upande wa kulia, kinyume cha Tokyo.

Treni za mwisho huondoka karibu na saa sita usiku. Baada ya hapo ni teksi, na teksi moja ya usiku inaweza kumeza nauli ya siku nzima ya watu wawili. Mwenye zamu ya saa aweke kengele saa tano kamili, na asikubali kubembelezwa kwa takoyaki nyingine.